Wananchi Wenye Hasira Kali

Jumamosi ile, kabla chai haijachemka, Fundi Friji alikuwa ameshafukuzwa kazi mara mbili.

Si kazi ya kutengeneza majokofu, ile iliyompa jina. Hiyo alikuwa nayo bado. Alifukuzwa kazi ya ubaba, na aliyemfukuza ni binti yake wa miaka minne, ambaye nyumba nzima na nusu ya mtaa walimwita Kamanda. Kosa la kwanza lilikuwa kumenya yai la Kamanda kabla mwenyewe hajalibusu. Kosa la pili lilikuwa kumvalisha soksi ya kushoto mguu wa kulia, ingawa baba mtu alijaribu kueleza kwamba soksi hazina kushoto wala kulia.

"Leo wewe siyo baba," Kamanda alitangaza, mikono kiunoni. "Nimekufukuza. Kuna baba mwingine anakuja. Ana ndege."

"Nani atakufunga viatu?"

"Baba wa ndege."

"Ameshafika?"

Kamanda akapanda kiti, akachungulia dirishani, akatazama mbingu kwa makini. "Bado."

"Basi nikufunge mimi kwa muda."

"Kwa muda tu," alikubali, akanyoosha mguu.

Dada yake, wa miaka saba, alikuwa mezani akimalizia mkate wake na kutikisa kichwa kama mtu mzima aliyechoshwa na nyumba ya wendawazimu. Yeye kila Jumamosi alikwenda kwa bibi yake, mitaa miwili kutoka hapo, kujifunza kushona. Alishasuka nywele zake mwenyewe, maana kazi ya baba yake katika eneo hilo aliikataa tangu wiki ya kwanza mama yao alipoondoka. "Baba, wewe unasuka kama unafunga mzigo," alimwambia siku hiyo, na tangu siku hiyo hakumpa tena kichwa chake.

Mama yao alikuwa muuguzi. Miezi minane iliyopita mwajiri wake alimhamishia hospitali iliyo mwendo wa siku nzima, na barua ya uhamisho haikuuliza kama ana watoto. Alikuja kila mwisho wa mwezi, akalala siku mbili, akarudi. Fundi akabaki na watoto, jiko, beseni la nguo na majokofu ya watu. Wanaume aliokutana nao dukani walimwita Mama Kamanda wakacheka, naye alicheka nao, kwa sababu mtu mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa vitunguu mkononi hana nafasi ya kugombana.

Mama mkwe wake hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi hadi jioni, na kila siku alipiga simu. Wamekula? Wamekula nini? Mbona huyo mdogo anakohoa? "Wewe huwalei hao, unawachunga tu," alimwambia mara nyingi, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Walete kwangu nikusaidie." Fundi alijibu kila mara, "Asante mama, tunaendelea vizuri," kisha akakata simu na kusaga meno.

*

Sokoni alikwenda kwa mambo mawili: mpira wa mlango wa jokofu la mteja, na nyanya. Kamanda alitembea mbele yake akiwa ameshika kidole chake kimoja, akisalimia kila mtu kama mgombea wa kura.

Mpira ulipatikana. Nyanya hawakuzifikia. Katikati ya njia kulikuwa na mtu anayeuza vifaranga vya siku moja, wamejaa kwenye boksi kubwa la karatasi, manjano tupu, wakilia wote kwa pamoja. Kamanda akachuchumaa. Akakaa pale muda mrefu sana, kimya, na Fundi angepaswa kujua. Mtoto huyo akinyamaza ujue kuna jambo.

"Haya, twende, mama."

Kamanda akasimama kwa adabu zote. Hatua tano mbele, mfuko wa gauni lake ukalia *pii*.

"Kuna nini humo?"

"Hamna kitu."

*Pii*, ulisema mfuko.

Muuza vifaranga alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi naye alicheka. Alipiga goti, akaingiza vidole viwili mfukoni, akamtoa kifaranga, akamrudisha kwenye boksi na kuomba radhi. Alipogeuka, binti yake alikuwa amejitupa chini kwenye vumbi, chali, anapiga mateke hewani.

Kila mzazi anakijua kilio kile. Hakisikii maneno. Fundi alijaribu kubembeleza, alijaribu kuahidi, alijaribu kujifanya anaondoka. Mwishowe alifanya anachofanya kila mtu: aliinama, akamkamata kiunoni, akambeba ubavuni kama gunia, akaanza kutembea haraka kuelekea geti.

"Niache! Niache! Simtaki huyu! Siyo baba yangu!"

"Kamanda, nyamaza."

"Siyo baba yangu! Namtaka baba yanguuu!"

Nyumbani wangecheka. Nyumbani angeulizwa kama baba wa ndege ameshatua. Lakini hapa vichwa viligeuka, kimoja, viwili, kumi. Mwanamke mmoja muuza nyanya alisimama kwenye meza yake, kisu bado mkononi.

"We baba! Unampeleka wapi huyo mtoto?"

"Nyumbani, dada. Ni wangu."

"Mbona anakukana?"

"Ana hasira tu, alitaka kifaranga..."

Hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa ya kijinga. Muuza nyanya alivuta pumzi, akapaza sauti iliyofika mwisho wa soko: "Jamani! Mwizi wa mtoto! Anaiba mtoto!"

Kofi la kwanza lilitoka nyuma, hakuona la nani. Mikono ikamnyang'anya Kamanda. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Angekubali makofi, lakini aliona binti yake anapita juu ya vichwa vya watu asiowajua, akarusha mikono kumfuata, na kurusha mikono kukawa ushahidi. Ngumi ikampasua mdomo. Shati likachanika. Simu ikadondoka na mtu akaikanyaga. Mmoja alisema tairi, tafuteni tairi, na alilisema bila kupaza sauti, kama mtu anayeomba apewe chumvi.

Akiwa magotini, kati ya miguu ya watu, Fundi alimwona muuza soda. Mwezi uliopita alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya jokofu la mtu huyu tangu saa mbili mpaka saa nane, na Kamanda alikuwa kaketi juu ya kreti akinywa soda aliyopewa bure. Macho yao yalikutana. Muuza soda alifungua mdomo. Kisha akainama nyuma ya kaunta yake, kama mtu aliyedondosha kitu, na hakuinuka tena.

Askari wawili waliokuwa getini ndio waliomtoa. Walimtoa kwa kumburuza, wakimwambia ashukuru Mungu.

*

Kituoni walimkalisha sakafuni. Kamanda walimkalisha juu ya meza, wakampa biskuti.

Afande wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole. Alifungua kitabu, akamtazama mtoto kwanza.

"Mama, huyu pale chini ni nani?"

Kamanda alitafuna, akamtazama baba yake. Alikuwa hajawahi kupewa meza nzima na watu wazima watatu wa kumsikiliza. "Fundi," alisema.

"Fundi wa nini?"

"Wa friji."

"Na baba yako yuko wapi?"

"Nimemfukuza."

Afande aliandika. Fundi aliona kalamu inatembea, akajaribu kusimama, na askari mmoja akambonyeza bega.

"Afande, ni mchezo. Ni mchezo wetu wa nyumbani. Akikasirika ananifukuza, ikifika jioni ananirudisha."

"Kitambulisho?"

"Kiko karakana."

"Picha ya mtoto kwenye simu?"

"Simu imekanyagwa."

"Mama yake?"

"Yuko kazini, mbali. Muuguzi. Akiwa zamu anazima simu." Alitaja namba. Askari alipiga. Haikupatikana. Walimtazama kwa namna ya kusema tulijua.

"Niulizeni mimi," Fundi alisema. Damu ilimchuruzika kidevuni. "Niulizeni chochote. Ana kovu dogo goti la kushoto, alianguka bafuni. Chanjo zake zote nilimpeleka mimi, tangu wiki ya kwanza. Hawezi kulala bila kushika sikio la mtu. Hapendi maziwa yakiwa na utando. Anaogopa blenda. Anavaa viatu namba ishirini na sita. Haya, afande, wewe kaka hapo mlangoni, una watoto?"

"Watatu," alisema askari kabla hajajizuia.

"Wa mwisho anavaa viatu namba ngapi?"

Askari alitazama dirishani.

"Hapa tunauliza sisi," alisema afande.

Hapo Kamanda aliacha biskuti. Alikuwa ameona damu kidevuni kwa baba yake. Alijivuta mpaka ukingo wa meza, akashuka kwa tumbo, miguu ikitafuta sakafu, akaenda kusimama mbele ya baba yake.

"Baba. Una damu."

"Kidogo tu, mama."

"Baba, twende nyumbani." Akamkumbatia shingo kwa nguvu zote, akalia, safari hii bila kelele.

Fundi alimtazama afande juu ya bega la mtoto. Alidhani basi, yamekwisha. Afande naye alionekana kulainika. Lakini alifunga kalamu, akaifungua tena.

"Mtoto anaweza kumwita mtu yeyote baba. Siwezi kukuachia hivi hivi. Tunahitaji mama. Kama hayupo, ndugu wa kike wa mtoto. Bibi, shangazi, yeyote."

"Wa kike?"

"Ndio utaratibu."

"Na ningekuwa mwanamke?" Sauti yake ilikuwa inapanda na hakuwa na mpango wa kuizuia. "Pale sokoni kila siku wanawake wanaburuza watoto wanaolia, watu wanasema pole dada, watoto wa siku hizi watundu. Mimi nimembeba wangu, nimepigwa kama mbwa, nimekalishwa chini, na sasa mnataka mwanamke aje anisainie kama mzigo! Miezi minane nimepika, nimefua, nimekesha na homa zake, hamna mtu aliyekuja kuniuliza kitambulisho!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Kamanda alimziba mdomo kwa kiganja. Fundi alinyamaza kwa ajili ya kiganja kile, si kwa ajili ya kitu kingine chochote pale ndani. Kisha akataja namba ya simu aliyoijua kwa moyo kuliko zote, kwa sababu ilimpigia kila siku: ya mama mkwe wake.

*

Alifika baada ya nusu saa, futi shingoni, mjukuu mkubwa mkononi. Alisimama mlangoni akaangalia chumba chote kama anayepima kitambaa. Yule msichana alimwona baba yake sakafuni akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mbona umekaa chini?" na Fundi akajifuta damu kidevuni kwa mkono.

"Shikamoo, mama," afande alisema. "Unamfahamu huyu?"

Bibi hakujibu. Alimtazama mkwe wake, mdomo uliovimba, shati lililoning'inia.

Afande aliinama mbele, akapunguza sauti kwa heshima. "Mama, mimi naelewa. Kama kuna wasiwasi wowote juu ya hawa watoto, sema. Naweza kukukabidhi wewe hapa hapa. Naandika kwamba bibi amewachukua kwa usalama wao, unasaini, unaondoka nao. Huyu tutaongea naye baadaye."

Aligeuza kitabu, akasukuma kalamu.

Hiki ndicho alichokiomba mwanamke huyu miezi minane, na sasa kiliwekwa mbele yake juu ya meza, na mhuri kando. Alitaka kusema neno, lakini alijua neno lolote atakalosema chumbani humo litasikika kama la mwizi.

Bibi alichukua kalamu. Akaishika. Kisha akaiweka, akaenda mpaka alipokaa mkwe wake, akachuchumaa kwa shida kwa sababu ya magoti, akashika ukingo wa shati lile kwa vidole viwili. Alilivuta kidogo kwenye mwanga.

"Hili halikunaswa na msumari," alisema. "Hapa limevutwa upande huu, na hapa upande ule. Hii ni mikono minne, au zaidi. Mshono wa begani nimeushona mimi, mara mbili, haufunguki kwa mtu mmoja." Aligeuka. "Nani amempiga?"

"Mama, swali letu ni..."

"Huyu ni baba wa wajukuu zangu. Alikuwepo wodini mmoja akizaliwa na alikuwepo mwingine akizaliwa, akazirai mara zote mbili. Haya, nimejibu. Sasa nijibu na mimi. Nani amempiga?"

Afande alijiegemeza kwenye kiti. "Ni wananchi wenye hasira kali, mama."

"Nani?"

"Wananchi wenye hasira kali. Ndivyo tunavyoandika."

"Hawana majina?"

"Walikuwa wengi."

"Kwa hiyo mkwe wangu amekuja hapa akiwa na jina, mkamwandika. Waliompiga hamkuandika hata mmoja." Alisimama, akashika ukingo wa meza. "Andika kwamba amepigwa. Andika na hasira zangu mimi, kama kuna nafasi."

Afande aliandika mistari miwili. Askari wa mlangoni alipisha njia bila kuambiwa.

*

Nje jua lilikuwa kali. Fundi alitaka kwenda nyumbani, apite njia ya nyuma, ajifungie ndani.

"Tunakwenda sokoni," alisema bibi.

"Mama, tafadhali. Siwezi."

"Utaweza. Ukipita nyuma leo, utapita nyuma maisha yako yote." Kisha, bila kumtazama, akaongeza: "Na mimi nikikuacha upite nyuma, nitakuwa mmoja wao. Nimekusema vya kutosha nikiwa kwenye cherehani yangu. Nilikuwa nasema uongo kwamba huwalei, na nilikuwa najua. Mbebe mtoto."

Walipoingia getini, soko liliwaona. Kelele zikapungua meza kwa meza. Muuza vifaranga alikazana kutazama ndani ya boksi lake. Bibi alisimama mahali vumbi lilipokuwa bado limevurugika.

"Nauliza," alisema, na hakupaza sauti sana. "Nani alimpiga mkwe wangu?"

Mtu wa viatu alisema yeye alikuwa chooni. Mtu wa mikufu alisema waliompiga si wa hapa, ni wapita njia. Mwingine alisema jamani pole sana, lakini siku hizi watoto wanaibwa, tulikuwa tunasaidia.

"Mimi sikuwepo," alisema muuza soda.

Fundi alimgeukia. Tangu asubuhi alikuwa amepigwa, ameburuzwa, amehojiwa, na hasira yake ilikuwa imetawanyika kila mahali, haina wa kumwendea. Sasa ilipata anwani.

"Ulikuwepo," alisema. "Tulitazamana. Ulikuwa na neno moja tu la kusema. 'Namjua.' Neno moja, wangeniacha. Ukainama."

"Fundi, ningesemaje, watu walikuwa wamechachamaa, wangenigeukia..."

"Usiniite fundi. Jokofu lako likilala, lilale. Soda zichemke humo ndani, mimi sigusi."

Muuza soda alicheka kicheko kifupi, akiangalia huku na huku apate wa kucheka naye. Hakupata. Bibi alivuta kiti cha plastiki cha mbele ya kaunta yake, akakaa, akapakata futi mapajani kama mtu aliyekuja kushinda.

"Tutakaa," alisema.

Wakakaa. Fundi alikaa juu ya kreti, Kamanda mapajani, dada yake kamwegemea. Wateja walifika, wakawaona, wakapunguza mwendo, wakauliza wengine kwa minong'ono kuna nini. Hakuna aliyeuza sana saa ile. Kamanda alilala, kashika sikio la baba yake, jasho likimtoka kipajini. Mkono wa Fundi ulikufa ganzi na hakuuhamisha.

Muuza nyanya ndiye aliyekuja. Alikuja polepole, akijifuta mikono kwenye kanga yake, akasimama mbele yao. Alikuwa mdogo kuliko Fundi alivyomkumbuka. Pengine hakuzidi miaka ishirini na mitano.

"Mimi ndiye niliyepiga kelele," alisema.

Nyuma yake mtu alimwambia kwa chini, wewe nawe, nyamaza. Hakugeuka.

"Nilimsikia anasema siyo baba yake. Nilidhani... Nina wa kwangu, wa umri huo huo. Kisha walipoanza kupiga nilitaka kuwaambia waache, sauti haikutoka. Ya kwanza ilitoka. Ya pili haikutoka."

Fundi alimtazama usoni.

"Na ningekuwa mama yake?" aliuliza. "Ningembeba vile vile, analia vile vile, anasema simtaki huyu. Ungepiga kelele?"

Mwanamke alifikiri kweli. Ilionekana usoni kwamba anafikiri kweli, na kwamba jibu alilolipata halikumpendeza.

"Hapana," alisema. "Ningekusaidia kumbeba."

Fundi aliinuka, mtoto begani. Mdomo ulimuuma alipotaka kusema, akaupa nafasi.

"Sikusamehe," alisema. "Usije ukadhani nimekusamehe. Nina hasira hata sijui nitailaza wapi. Lakini wewe peke yako, katika soko zima, umekuja kwa miguu yako mwenyewe."

"Naelewa."

"Jumamosi ijayo nitakuja tena kununua nyanya. Nitakuja na huyu, na kama atalia, atalia. Uniulize siku hiyo kama nimekusamehe."

"Nitakuuliza," alisema muuza nyanya.

Bibi alikunja futi yake, akasimama, akamshika mjukuu mkubwa mkono. Walitoka wote wanne kwa njia ya katikati, taratibu, na watu waliwapisha.